Upasuaji wa Goti na Nyonga: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kuchagua Upasuaji Hadi Kutembea Bila Fimbo

Mgonjwa analetwa kwangu miezi sita baada ya kubadilishiwa goti. Kidonda kimepona, eksirei inaonyesha kiungo bandia kimekaa mahali pake, lakini mguu haunyooki na anachechemea kuliko alivyokuwa kabla ya kupasuliwa. Nikimuuliza wiki za kwanza alilalaje, napata jibu lile lile: aliweka mto chini ya goti, maana hapo ndipo maumivu yalipotulia, na hakuna aliyemkataza.

Kazi yangu ni mazoezi tiba ya viungo, kwa hiyo napokea watu wakishatoka mikononi mwa daktari wa upasuaji. Makosa ninayoyaona hayabadiliki. Kuna aliyesafishwa goti kwa kamera mara mbili wakati gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limekwisha zamani. Kuna aliyetibiwa goti mwaka mzima, kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga. Kuna aliyepasuliwa sukari ikiwa juu, kidonda kikatunga usaha. Mengi ya haya yanaanzia nje ya chumba cha upasuaji, kabla au baada, mahali ambapo mgonjwa na ndugu zake wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Daktari wako akikuelekeza tofauti kwa sababu ya hali yako, fuata la kwake, ila mwombe akueleze sababu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kupeleka kwa daktari:

- Eksirei za karibuni. Za goti zipigwe ukiwa umesimama. Za nyonga zionyeshe nyonga zote mbili katika picha moja.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba na za kupunguza maumivu unazojinunulia.
- Majibu ya vipimo vya wingi wa damu, sukari na figo.
- Tarehe ya kila sindano uliyowahi kuchomwa ndani ya kiungo.
- Daftari. Utaambiwa mengi na utasahau nusu.

Vya kuandaa nyumbani:

- Kiti kigumu chenye mikono, kirefu kiasi kwamba ukikaa magoti yanakuwa chini kidogo ya nyonga.
- Choo cha kukaa kilichoinuliwa, au kiti cha kuweka juu ya choo. Baada ya nyonga kubadilishwa hutaruhusiwa kuchuchumaa.
- Fremu ya kutembelea au magongo mawili, na fimbo kwa baadaye.
- Mfuko wa barafu na taulo nyembamba ya kuuzungushia.
- Viatu visivyoteleza, vyenye kushika kisigino. Kandambili ziwekwe mbali.
- Kijiti kirefu cha kuvalia viatu na kingine cha kuokotea vitu.
- Mtu wa kukaa nawe wiki mbili za mwanzo. Kwenye orodha hii yote, huyu ndiye wa kwanza kumtafuta.

Ondoa mazulia madogo na waya zinazokatiza njia. Kuanguka wiki ya kwanza kunaweza kuvunja mfupa kandokando ya kiungo kipya, na upasuaji wa kurekebisha hapo ni mgumu kuliko ule wa kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha kiungo kinachouma ndicho kilichoharibika

Maumivu ya nyonga husikika kwenye kinena na mbele ya paja, na wakati mwingine kwenye goti peke yake, kwa sababu nyonga na goti hupokea matawi ya neva zile zile. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba goti ndilo linalomuua, na eksirei ya goti ikatoka safi.

Jipime hivi, ilimradi hujaanguka karibuni na huna nyonga bandia. Lala chali. Mtu akukunjie mguu hadi paja lielekee dari, goti likiwa limekunjwa, kisha ausogeze unyayo taratibu kuelekea nje. Kitendo hicho huzungusha nyonga kwa ndani. Maumivu yakichoma kwenye kinena, au mguu ukagoma kuzunguka wakati wa upande wa pili unazunguka bila shida, omba picha ya nyonga kabla ya kukubali matibabu yoyote ya goti.

Maumivu yanayoanzia kiunoni au kwenye tako yakashuka hadi chini ya goti, yakiambatana na ganzi au kuchomachoma, mara nyingi hutoka kwenye uti wa mgongo. Kubadilisha kiungo hakutayaondoa.

Kwa nini eksirei ya goti ipigwe umesimama? Ukilala, uzito wa mwili hauko juu ya goti, na mifupa iliyokwisha gegedu inaweza kuonekana ina nafasi katikati. Ukisimama, mifupa inagusana na ukweli unaonekana.

Onyo: Usiruhusu picha ya MRI (inayopigwa kwa mashine ya sumaku) peke yake ikuamulie. Kadiri umri unavyosonga, watu wengi wasio na maumivu yoyote hukutwa wamechanika meniski, ile mito miwili ya gegedu ndani ya goti. Kuonekana kwake si ushahidi kwamba ndiyo inayokuumiza.

Umefaulu ukiweza kutaja: kiungo gani, ugonjwa gani, na umefikia wapi. Sababu kubwa ni gegedu kusagika (wengi husema "ute umekauka", ingawa kinachokwisha hasa ni gegedu), baridi yabisi, mfupa kufa kwa kukosa damu, kuvunjika, na kikombe cha nyonga (tundu ambamo kichwa cha mfupa wa paja huzunguka) kisicho na kina cha kutosha tangu kuzaliwa.

## Hatua ya 2: Amua kama wakati wa upasuaji umefika

Kama tatizo ni kusagika na hujawahi kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja na nyonga kwa walau miezi mitatu mfululizo, anzia hapo. Kwa mtu mnene, kila kilo moja inayopungua mwilini hupunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti katika kila hatua. Fimbo nayo husaidia, ikishikwa mkono wa upande *usiouma*. Wengi huishika upande mbovu na kujiongezea mzigo.

Wakati umefika ikiwa maumivu yanakuamsha usiku, dawa hazishiki tena, na umeacha kufanya mambo ambayo bila hayo maisha yako hayana ladha. Eksirei mbaya kwa mtu anayetembea vizuri si sababu ya kupasuliwa.

Lakini usingoje hadi goti ligande. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limekakamaa huwa na mwelekeo wa kutoka likiwa limekakamaa, kwa sababu misuli na kano zilizofupika kwa miaka haziwezi kubadilishwa pamoja na mfupa.

Usisubiri hata kidogo katika hali tatu: mzee aliyeanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja (anatakiwa kupasuliwa ndani ya siku moja au mbili), kiungo chenye usaha, na kichwa cha nyonga kinachoanza kufa kwa kukosa damu. Hili la tatu huwapata sana wenye selimundu (sikoseli), waliotumia steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu na wanywaji pombe kupindukia. Kijana mwenye selimundu akilalamika kinena, apelekwe mapema. Baada ya kichwa cha mfupa kubonyea, njia ya kukiokoa huwa imefungwa.

## Hatua ya 3: Ijue aina ya upasuaji inayokufaa

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa wanasikia neno moja tu, "upasuaji", wakati chini yake kuna kazi zisizofanana kabisa.

### Kwa goti

Kamera ndani ya goti. Matundu madogo mawili au matatu, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Inafaa pale kipande kilicholegea kinapofunga goti lisikunjuke, au meniski ya kijana ilipochanika kwa ajali. Kwa goti lililosagika haifai, nami nalisema bila kupepesa macho. Mwaka 2002 ilichapishwa tafiti kutoka Houston, Marekani, ambapo wagonjwa 180 waligawanywa: baadhi walisafishwa goti, wengine walichanwa ngozi tu kisha wakashonwa bila kuguswa ndani. Matokeo yalilingana. Ukiambiwa "tutakusafisha tu kidogo" na eksirei yako inaonyesha mifupa inagusana, uliza hasa ni kitu gani kitakachosafishwa.

Kukata na kunyoosha mfupa. Daktari hukata mfupa wa goko chini kidogo ya goti, huurekebisha mwelekeo, kisha huufunga kwa bamba na skrubu. Uzito unahama kutoka upande uliolika kwenda upande mzima. Ni kwa mtu ambaye bado kijana, anafanya kazi nzito, mguu wake umepinda na upande mmoja tu wa goti ndio umeharibika. Goti linabaki la kwake mwenyewe. Gharama yake ni subira, maana mfupa lazima uunge kama uliovunjika.

Kubadilisha upande mmoja wa goti. Upande uliolika huvikwa chuma na plastiki ngumu, mwingine unaachwa. Kupona ni haraka na goti huhisi la kawaida zaidi. Masharti ni magumu: kano za ndani ziwe nzima na ugonjwa usiwe wa baridi yabisi, kwa sababu baridi yabisi itarudi kula upande ulioachwa.

Kubadilisha goti zima. Nyuso za mifupa huchongwa, zikavikwa chuma, na plastiki huwekwa katikati. Mifupa haikatwi yote na kutupwa kama wengi wanavyoogopa. Kinachoondolewa ni tabaka la milimita chache tu.

Kuunganisha goti liwe mfupa mmoja. Ni njia ya mwisho, hasa baada ya usaha uliokataa kupona. Maumivu huisha, lakini goti halikunjiki tena maishani.

### Kwa nyonga

Kutoboa kichwa cha mfupa. Hupunguza mgandamizo ndani ya mfupa unaokufa ili damu ipite. Ina maana *kabla* ya kichwa kubonyea tu.

Kugeuza kikombe cha nyonga. Kwa vijana ambao kikombe chao hakifuniki kichwa vya kutosha. Mfupa wa nyonga hukatwa na kugeuzwa ufunike vizuri, na nyonga bandia inaweza kuahirishwa kwa miaka mingi.

Nusu nyonga. Kichwa kinabadilishwa, kikombe kinaachwa. Hutumika zaidi kwa mzee dhaifu aliyevunjika shingo ya mfupa wa paja, kwa kuwa upasuaji ni mfupi zaidi na nyonga haichomoki kirahisi.

Nyonga nzima. Kichwa na kikombe vyote vinabadilishwa. Katika upasuaji wote uliotajwa hapa, ni huu unaowarudishia watu furaha kwa uhakika zaidi. Goti haliko hivyo: takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti husema hakuridhika kikamilifu. Sikutishi. Nakutaka uingie ukijua kwamba goti bandia linaondoa maumivu makali, ila halitakuwa goti la ujana.

### Kitadumu miaka mingapi?

Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa baada ya miaka 25, nyonga bandia kama 6 kati ya 10 bado zinafanya kazi, magoti mazima kama 8 kati ya 10, na magoti ya upande mmoja kama 7 kati ya 10.

Umri una uzito hapa. Mwanaume aliyebadilishiwa goti akiwa na miaka 50 hadi 54 ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya watatu wa kurudi kwenye meza ya upasuaji maishani mwake. Aliyevuka 70 ni takriban mmoja kati ya ishirini. Kwa hiyo kijana akiambiwa avute subira si kwamba amedharauliwa.

## Hatua ya 4: Muulize daktari haya

Andika majibu mbele yake. Daktari mzuri hakasiriki.

- Upasuaji kama huu unafanya mara ngapi kwa mwaka? (Mikono iliyozoea hupunguza matatizo.)
- Kwa nini umechagua huu na si ule mwingine?
- Kwa nyonga: utaingilia mbele, ubavuni au nyuma? Jibu hili ndilo litakaloamua mikao utakayokatazwa, na wagonjwa wengi niliowapokea hawalijui.
- Nitaruhusiwa kukanyaga kwa uzito wote lini?
- Kidonda kikileta shida usiku, nimpigie nani?

## Hatua ya 5: Andaa mwili, wiki sita hadi kumi na mbili kabla

Hatari inayonitia hofu kuliko zote ni vijidudu kuingia kwenye kiungo bandia. Humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100, lakini kwa anayepatwa ni miezi ya mateso, mara nyingi na upasuaji zaidi ya mmoja. Sehemu kubwa ya hatua hii inahusu kuzuia hilo.

Sukari. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Madaktari wengi hutaka kiwe chini ya asilimia 7.5 au 8. Sukari ya asubuhi moja inaweza kukudanganya.

Meno. Jino bovu na fizi zenye usaha zitibiwe kwanza. Vijidudu vyake husafiri kwa damu na hupenda kutua kwenye chuma.

Sigara. Acha walau wiki nne kabla. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi isiyopata damu haiungi.

Wingi wa damu. Upungufu wa damu utibiwe kabla, usingoje kuongezewa damu baadaye. Tatizo likiwa madini ya chuma, vidonge huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, ndiyo maana hii si shughuli ya wiki ya mwisho.

Sindano ndani ya kiungo. Kama ulichomwa steroidi, subiri miezi mitatu, kwani kabla ya hapo hatari ya maambukizi huongezeka. Hii ndiyo faida ya tarehe nilizokwambia uziandike.

Dawa. Za kuyeyusha damu, za baridi yabisi na za kisukari zina ratiba zake za kusimamishwa au kuendelezwa. Usiache wala kuendelea kwa kubahatisha. Za mitishamba zitaje zote, kwani baadhi huongeza kutokwa damu.

Ngozi. Kidonda, jipu au fangasi kati ya vidole vya mguu ni sababu tosha ya kuahirisha. Usijinyoe mguu nyumbani, maana wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana ambamo vijidudu hujificha. Nywele zikihitaji kuondolewa, watafanya wenyewe hospitalini.

Misuli. Fanya kila siku: kaza misuli ya mbele ya paja ukikandamiza goti kitandani, hesabu tano, rudia mara kumi, inua mguu ulionyooka, inuka kitini bila kutumia mikono ukiweza. Jifunze kutumia magongo sasa, kabla mguu haujauma.

Umefaulu ikiwa: sukari iko kwenye kiwango, meno na ngozi viko safi, na unaweza kupanda na kushuka ngazi tatu kwa magongo bila kushikwa.

## Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kwa kawaida chakula huachwa saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, lakini fuata saa ulizopewa. Mguu utakaopasuliwa utawekwa alama ukiwa macho. Usikubali kuingizwa ndani kama alama haipo au iko upande usio wake.

Wengi hufanyiwa kwa ganzi ya mgongo, si lazima nusu kaputi. Kazi huchukua saa moja hadi mbili. Antibiotiki hutolewa kwenye mshipa ndani ya saa moja kabla ya kuchanwa.

Utaombwa kusimama siku hiyo hiyo au kesho yake. Ndugu huwa wanalia kwamba mgonjwa anateswa. Mwacheni asimame. Kulala tu huigandisha damu miguuni na huyeyusha misuli kwa kasi ya kusikitisha.

## Hatua ya 7: Siku 14 za kwanza

### Goti: nyoosha kwanza, kukunja kutafuata

Hakuna kitu chini ya goti. Si mto wala shuka iliyokunjwa, hata kwa nusu saa. Likizoea kupinda, tishu za nyuma hufupika, na kuzirefusha baada ya miezi mitatu ni kazi ninayoifanya kila wiki kwa machozi ya mtu mwingine.

Badala yake, kunja taulo na uiweke chini ya kisigino, goti libaki likining'inia hewani. Dakika tano hadi kumi, mara tatu au nne kwa siku. Litauma nyuma ya goti, na hapo ndipo linaponyooka.

Kisha kunja: ukiwa umelala, vuta kisigino taratibu kuelekea tako, shikilia, rudisha.

Jipime: Ukiwa umenyoosha mguu kitandani, pitisha kiganja chini ya goti. Kikipita kirahisi, bado halijanyooka. Lengo ni nyuma ya goti kukibana kiganja dhidi ya kitanda.

### Nyonga: mikao iliyokatazwa

Kama daktari aliingilia nyuma: usikunje nyonga kupita digrii 90, usipandishe mguu mmoja juu ya mwingine, usigeuze vidole kwa ndani. Kwa kawaida masharti haya hushikwa wiki sita hadi kumi na mbili. Hapa mto *unaruhusiwa*, ila kati ya miguu unapolala ubavu. Kama aliingilia mbele, kinachoogopwa ni kinyume chake: kuurudisha mguu nyuma sana huku umegeuzwa nje.

Mtu huchomoa nyonga akifanya jambo dogo tu, kama kuinama kufunga kamba ya kiatu au kuokota kitu sakafuni akiwa kwenye kiti kifupi.

### Kwa wote

Maumivu. Kunywa dawa kwa ratiba, na nyingine nusu saa kabla ya mazoezi. Anayejikaza bila dawa hafanyi mazoezi, na asiyefanya mazoezi hukakamaa. Ujasiri wa namna hiyo hauna faida.

Damu kuganda. Chezesha nyayo juu na chini mara nyingi kila saa uwapo macho. Dawa ya kuzuia mgando imalizwe: mara nyingi siku 14 kwa goti, na takriban wiki nne hadi tano kwa nyonga. Usiiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Uvimbe. Inua mguu wote juu ya usawa wa moyo, na mto ukitumika uanzie chini ya kisigino na shavu la mguu. Barafu dakika 15 hadi 20, daima juu ya taulo, kwani ngozi yenye ganzi huungua bila kuhisi.

## Hatua ya 8: Wiki ya 2 hadi ya 12

Goti likunjike hadi takriban digrii 90 ndani ya wiki mbili au tatu, na zaidi ya 110 kufikia wiki ya kumi na mbili. Nambari hizi zina maana ya kila siku: kutembea kunahitaji kama digrii 65 hadi 70, kushuka ngazi kama 90, na kuinuka kitini zaidi kidogo ya hapo.

Likiwa bado chini ya 90 kwenye wiki ya sita, rudi kwa daktari wako *wiki hiyo*. Anaweza kulikunja ukiwa umelazwa usingizi, na hilo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miezi mitatu. Wengi huambiwa na majirani "litalegea lenyewe", na dirisha linafungwa.

Kwenye ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliopasuliwa. Magongo yafuatane na mguu uliopasuliwa.

Hama kutoka fremu kwenda fimbo moja pale tu unapoweza kutembea bila kuyumba. Fimbo iachwe siku ambayo mtu akikutazama kwa nyuma haoni ukichechemea. Kuiacha mapema kwa aibu hufundisha mwili mwendo mbovu, na mwendo huo hubaki. Kuendesha gari husubiri takriban wiki sita, uwe umeacha dawa kali na unaweza kukanyaga breki kwa nguvu.

Ya kawaida, usiogope: goti kuwa na joto na uvimbe kwa miezi kadhaa, sehemu ya ngozi kando ya kovu kukosa hisia (pengine moja kwa moja), mlio wa chuma na plastiki kugongana, usingizi mbovu wiki za mwanzo.

## Dalili za kukimbilia hospitali

- Kidonda kinachoendelea kuchuruzika baada ya siku tano hadi saba, au kilichokauka kisha kikaanza tena.
- Homa pamoja na maumivu yanayozidi badala ya kupungua.
- Shavu la mguu kuvimba, kuuma na kukaza. Pumzi kubana au kifua kuchoma ghafla ni dharura ya dakika hiyo hiyo.
- Maumivu ya ghafla ya nyonga, mguu ukawa mfupi na umegeuka. Imechomoka, usijaribu kuirudisha.

Onyo ninaloomba ulishike kuliko yote: kidonda kikichuruzika, usimeze antibiotiki za kununua dukani ukisubiri kuona. Vijidudu hujijengea utando juu ya chuma, na vidonge haviupenyi. Kinachotokea ni kidonda kutulia juujuu na vipimo kutoka safi kwa uongo, huku ugonjwa ukiendelea ndani. Ukifika mapema kwa aliyekupasua, kiungo kinaweza kuoshwa, plastiki ikabadilishwa, na chuma kikabaki. Ukichelewa, mara nyingi hutolewa chote.

## Hatua ya 9: Baada ya miezi mitatu

Mazoezi ya nguvu yaendelee hadi mwaka utimie, kwani goti huendelea kuboreka muda wote huo. Kutembea, kuogelea na baiskeli ni salama. Mbio na kuruka huila plastiki haraka. Kupiga magoti hakuharibu goti bandia ingawa huenda kukakera. Jizoeze juu ya kitu laini kovu likishakomaa. Kuchuchumaa kabisa wengi hawakufikii tena.

Omba kadi au karatasi yenye jina la kiungo ulichowekewa, saizi na namba zake, na uitunze pamoja na vyeti vyako. Siku ikitokea haja ya kurekebisha, daktari asiyeijua aina yake hulazimika kubahatisha vifaa.

Maambukizi yoyote ya meno, mkojo au ngozi yatibiwe upesi, na mwambie kila anayekutibu kwamba una kiungo bandia. Usiruhusu mtu achome sindano yoyote ndani yake isipokuwa aliyekupasua au bingwa wa mifupa mwenzake.

Piga eksirei mwaka wa kwanza ukitimia, kisha kila daktari atakapopanga, hata kama huumwi. Chembe za plastiki inayolika zinaweza kuufanya mwili ule mfupa unaoshikilia chuma, kimya kimya, kwa miaka. Ile picha ya kwanza usiitupe. Ndiyo itakayolinganishwa na zote zitakazofuata.